Kiangazi ambacho Leicester haikwenda pwani

Mji wa Leicester, ulio katikati ya England, ni miongoni mwa miji iliyo mbali kabisa na bahari katika kisiwa kile. Mkazi wake akiitamani bahari hana budi kushika njia ya mashariki kwa muda wa saa mbili na zaidi, avuke mashamba ya Lincolnshire yaliyo tambarare kama meza, mpaka afike Skegness. Huko atakuta mchanga mpana, upepo wa baridi hata jua linapowaka, samaki na viazi vya kukaanga, na punda wa kuwapandisha watoto kwa malipo. Msomaji wa Lamu au Pangani atacheka kusikia kwamba mtoto hulipiwa ili akae juu ya punda. Lakini kwa vizazi kadhaa vya wafanyakazi wa Leicester, hiyo ndiyo iliyokuwa likizo.

Desturi hiyo haikuzuka hivi hivi. Leicester ulikuwa mji wa viwanda vya soksi, fulana na viatu. Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, viwanda vilifungwa kwa pamoja kwa majuma mawili; mitambo ikazimwa na kukarabatiwa, na wafanyakazi wakaondoka mjini siku zile zile. Wenye viwanda walipendelea iwe hivyo, kwani hakuna faida kuendesha mitambo ilhali nusu ya watu hawapo. Shule nazo zikapanga kalenda yao kufuata viwanda, hata ikawa shule za Leicester hufunga mapema kuliko shule za sehemu nyingi za England. Reli ilikuwa imefika Skegness tangu mwaka 1873. Mwaka 1936 Billy Butlin akafungua pale kambi yake ya kwanza ya mapumziko, na miaka miwili baadaye Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya likizo yenye malipo. Kabla ya hapo, kwa wafanyakazi wengi wa kawaida, kupumzika kulikuwa ni kukosa mshahara.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuutazama mji huu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Halmashauri ya Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus ili kuwasihi wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda hata hivyo, kwa maelfu, wakawakuta wengine waliowatangulia kutoka Kenya na Tanzania. Wakaingia viwandani. Mwaka 1974 waligoma katika kiwanda cha mashine za taipu cha Imperial, wakidai wasibaguliwe katika malipo. Hata leo mtu akiingia katika mikahawa ya Leicester ataona sahani inaitwa "mogo", naye akiionja atajua mara moja kwamba huo ni muhogo wetu.

NYUMBA MOJA YA HIGHFIELDS

Ili tuelewe kiangazi cha mwaka 2020, na tuitazame nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani. Imejengwa hapa kutokana na hali zilizokuwa za kawaida mtaani Highfields mwaka ule. Yumo bibi, mzaliwa wa Jinja, ambaye hesabu za sokoni bado huzifanya kwa Kiswahili. Yumo mwanawe, dereva wa basi. Yumo mkwe, ambaye ni mshonaji kiwandani, na watoto wawili wa shule ya msingi. Nyumba imeungana ukuta kwa ukuta na za majirani, na uani mna nafasi ya kamba moja ya nguo. Hata hivyo wana afadhali, kwani Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ilionyesha mwezi Mei 2020 kwamba kaya moja katika kila nane haikuwa na bustani wala ua wa aina yoyote.

Amri ya kukaa ndani ilitangazwa usiku wa tarehe 23 Machi 2020. Serikali iliahidi kuwalipa wafanyakazi walioambiwa na waajiri wao wabaki nyumbani asilimia 80 ya mshahara, isiyozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Huo ulikuwa mpango wa maana, nao uliziokoa familia nyingi. Lakini dereva wa basi hakuambiwa abaki nyumbani. Aliamka alfajiri kama kawaida, akaendesha basi lenye viti vitupu, na aliporudi alivua nguo mlangoni na kuoga kabla hajamsalimu mama yake. Bibi alikuwa miongoni mwa wale ambao madaktari waliwaandikia barua kwamba wasitoke kabisa. Chakula chake kililetwa kwa sinia na kuwekwa nje ya chumba chake. Katika nyumba yenye vyumba vitatu na watu watano, jambo hilo ni rahisi kuandikwa katika barua kuliko kutendwa.

Watoto walisoma kwa simu ya baba alipokuwepo, na kwa simu ya mama alipokuwa zamu ya jioni. Ukutani paliandikwa ratiba: hesabu, kusoma, kuruka kamba, kuosha vyombo. Alhamisi saa mbili usiku mtaa mzima ulisimama milangoni ukiwapigia makofi wauguzi. Idi ya tarehe 24 Mei ilisaliwa sebuleni. Na juu ya yote hayo jua lilikuwa likiwaka kwa kejeli, kwani mwezi Mei 2020 ulikuwa na saa nyingi za jua kuliko mwezi wowote uliopata kurekodiwa Uingereza.

Tarehe 23 Juni ikaja habari njema. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Jumamosi, tarehe 4 Julai, hoteli, mikahawa na kambi za mapumziko zitafunguliwa England. Simu za kambi hazikupokewa kwa wingi wa waliopiga. Familia yetu ya Highfields, kama nyingine nyingi, iliweka arubuni ya karavani Skegness kwa juma moja la Julai. Begi likashushwa juu ya kabati, na mtoto mdogo akalala na ndoo yake ya mchanga.

USIKU WA JUNI 29

Jumatatu usiku, tarehe 29 Juni, ikiwa zimebaki siku tano, Waziri wa Afya, Matt Hancock, alisimama Bungeni. Alieleza kwamba Leicester ilikuwa na wagonjwa wapya 135 kwa kila watu 100,000 katika siku saba, mara tatu ya mji ulioifuatia. Kwa sababu hiyo maduka yasiyo ya lazima, yaliyokuwa yamefunguliwa majuma mawili tu nyuma, yafungwe tena kesho yake. Shule zifungwe Alhamisi. Na yale yote yaliyotazamiwa kwa tarehe 4 Julai yasihesabiwe kwa watu wa Leicester na vitongoji vya jirani kama Oadby na Birstall. Huu ukawa mji wa kwanza nchini humo kufungwa peke yake.

Meya wa mji, Peter Soulsby, alilalamika kwamba alikuwa ameomba takwimu za vipimo kwa majuma kadhaa bila kupewa kwa ukamilifu. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito. Huwezi kuuzima moto wa nyumba ambayo hukuonyeshwa. Lakini tuseme pia kwamba ugonjwa ulikuwepo kweli, nao uliua. Kuwalinda watu wasiusafirishe hadi pwani halikuwa jambo la uonevu peke yake. Kosa lilikuwa katika kuchelewa, na katika kuwasahau wale ambao hawakuwa na nafasi ya kujitenga.

Baadhi ya kambi za mapumziko zikatangaza kwamba hazitampokea mwenye anwani ya Leicester. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mstari umechorwa kwenye ramani, upande wa pili jirani anafunga mizigo garini, na upande wako unaeleza watoto kwa nini begi linarudishwa juu ya kabati.

Kwa hiyo likizo ikafanywa nyumbani. Beseni la mpira la kujaza upepo likajaza ua mzima, kamba ya nguo ikahamishiwa dirishani. Bibi alifunguliwa mlango wa nyuma akaketi kwenye kiti akiwatazama watoto kwa umbali, akawasimulia juu ya mto Nile unavyotoka ziwani pale Jinja, hadithi ambayo, kwa wingi wa siku, ilisimuliwa hadi maji yakawa mengi kuliko yalivyo. Jioni baba aliwachukua watoto kwa miguu hadi Abbey Park, kando ya mto Soar, kulisha bata. Hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi ya kiangazi. Walioanza kuijua mitaa yao wenyewe kwa miguu mwaka ule ni wengi, nao hawakuijutia elimu hiyo.

Mnamo tarehe 24 Julai maduka yalifunguliwa tena. Tarehe 30 Julai familia ilikuwa imekwisha kununua nyama, na shangazi mmoja alikuwa amealikwa kwa Idi ya kesho yake. Usiku huo huo, kiasi cha saa tatu na robo, serikali ikatangaza kwamba katika Greater Manchester na sehemu nyingine za kaskazini watu wa kaya mbili wasikutane ndani ya nyumba wala bustanini, na kwamba katazo hilo linaendelea Leicester. Siku ya pili yake joto lilifikia nyuzi 37.8 katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Nyama ya shangazi ilipelekwa mlangoni kwake katika bakuli lililofunikwa, naye akapunga mkono kutoka dirishani.

WALIOVUKA BAHARI

Wenye uwezo zaidi, nje ya Leicester, walifikiri wamepona. Tarehe 10 Julai England iliruhusu watu warudi kutoka nchi kadhaa bila karantini, na ndege zikajaa tena kuelekea Hispania. Jumamosi jioni, tarehe 25 Julai, ikatangazwa kwamba kila atakayetua kutoka Hispania kuanzia usiku wa manane atajifungia nyumbani siku 14. Waziri wa Usafiri mwenyewe, Grant Shapps, tangazo hilo lilimkuta Hispania likizoni na jamaa yake! Zamu ya Ufaransa ikafika Agosti: tangazo lilitolewa Alhamisi usiku, mwisho ukiwa Jumamosi saa kumi alfajiri, na magari yakakimbilia vivuko vya Calais.

Hapa ndipo tofauti ya mtu na mtu ilipoonekana wazi. Mwenye kazi ya ofisini alirudi na kompyuta yake mezani, akajifungia siku 14 akilipwa kama kawaida. Mshonaji au mfagizi hawezi kupeleka kazi yake nyumbani. Kwa karantini ya safari hakuwa na haki hata ya posho ya ugonjwa iliyowekwa na sheria. Na posho yenyewe, kwa aliyeugua kweli, ilikuwa pauni 95 na peni 85 kwa juma, tena kwa yule tu ambaye wastani wa kipato chake ulifika pauni 120. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima wa miaka 25 na zaidi kilikuwa pauni 8 na peni 72 kwa saa. Saa 40 ni pauni 348 na peni 80. Msomaji atatoa mwenyewe, ajue pengo lililobaki kwenye kodi na chakula.

Na hicho ni kima cha sheria. Mwezi Julai magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba katika baadhi ya karakana za nguo za Leicester, zilizokuwa zikishonea maduka ya mtandaoni, wafanyakazi walilipwa chini sana ya hapo, na kazi iliendelea wakati wote wa amri ya kukaa ndani. Mwanasheria Alison Levitt alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya Septemba 2020 ikasema madai hayo kwa kiasi kikubwa yalikuwa ya kweli. Mshonaji wa namna hiyo akikohoa, afanye nini? Akisema, hana mshahara. Akinyamaza, anarudi jioni kwenye nyumba yenye bibi ndani. Hakuna ramani ya waziri iliyouchora mstari huo.

Tarehe 28 Septemba serikali ilianza kuwalipa wenye kipato kidogo pauni 500 wanapoagizwa kujitenga. Kiangazi kilikuwa kimekwisha, shule zimefunguliwa, na nyumba za Leicester bado zilikatazwa kupokea wageni. Mji uliingia katika masharti ya majira ya baridi bila kuonja uhuru ambao miji mingine iliuonja kwa majuma kadhaa. Ukiacha ruhusa chache, kama ile ya siku moja ya Krismasi na ile ya wanaoishi peke yao, sheria haikuruhusu kaya nyingine kuketi ndani sebuleni hadi Jumatatu, tarehe 17 Mei 2021. Idi ya mwaka huo ilikuwa Alhamisi iliyotangulia, tarehe 13 Mei. Shangazi alikuja siku nne baadaye, saa nne asubuhi, na bakuli mbili: ile aliyokuwa amepelekewa mwaka uliopita, na nyingine ya kwake.