Modemu nzima, laini ina salio, mtandao hakuna: chunguza bendi za masafa

Taa ndogo iliyo juu ya moduli ya SIM800L humweleza mengi anayejua kuisoma. Ikimetameta takriban kila sekunde moja, moduli ingali inatafuta mtandao. Ikimetameta kila baada ya sekunde tatu, imekwisha kusajiliwa na mnara.

Kwa wabunifu wa Afrika Mashariki wanaoiunganisha moduli hii na Arduino au ESP32 ili kupima maji ya tangi au joto la banda la kuku, na kupokea taarifa kwa ujumbe mfupi, tofauti hiyo ya sekunde mbili ndiyo kazi yenyewe. Mfugaji aliyeko safarini hana njia nyingine ya kujua kwamba pampu imesimama.

Kabla ya kuyalaumu masafa, ni vema kuuchunguza umeme. SIM800L huhitaji volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi huvuta mkondo unaoweza kufikia ampea 2 kwa muda mfupi mno. Chanzo dhaifu huifanya izime na kuwaka upya bila kukoma, na kwa macho hali hiyo hufanana kabisa na kukosa mtandao. Pini ya volti 5 ya Arduino haifai kwa kazi hii. Betri ya lithiamu yenye waya mfupi na mnene hufaa zaidi.

Umeme ukiwa sawa, swali la pili ni bendi. Simu za GSM hutumia bendi nne: megahezi 850, 900, 1800 na 1900. Mitandao ya Marekani ilijengwa juu ya 850 na 1900. Ya Afrika na Ulaya juu ya 900 na 1800. SIM800L inazimudu zote nne, lakini inaweza kuamriwa kusikiliza baadhi tu, na amri hiyo hubaki katika kumbukumbu yake hata umeme ukikatwa. Moduli iliyowahi kutumika kwingine yaweza kufika Mwanza au Eldoret ikitafuta minara isiyokuwepo.

Amri ya AT+CBAND? huonyesha hali iliyopo. Jibu likiwa GSM850_PCS_MODE, tatizo limepatikana, na dawa yake ni mstari mmoja: AT+CBAND="EGSM_DCS_MODE", yaani 900 na 1800. Kisha AT+CREG? huuliza hali ya usajili. Jibu 0,1 lina maana kwamba moduli iko katika mtandao wake. 0,2 ingali inatafuta. 0,3 imekataliwa, na hapo kosa si la bendi tena bali la laini au la mtandao wenyewe.

Kwa moduli za 4G mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo fedha za watu hupotea. SIM7600E na SIM7600A-H hufanana mno, lakini ya pili imetengenezwa kwa ajili ya Amerika: ina bendi 2, 4 na 12 za LTE, na haina GSM kabisa. Hakuna amri itakayoipa bendi ya 3 au ya 20. Amri huchagua miongoni mwa bendi zilizojengwa ndani ya kifaa, haiongezi mpya. Muuzaji anayeandika "4G" pekee bila herufi za mwisho hajamweleza mnunuzi lolote la maana.

Bodi ya Arduino MKR NB 1500, yenye modemu ya SARA-R410M, huchagua bendi kwa namba. Kila bendi ina thamani yake: ya 3 ni 4, ya 8 ni 128, ya 20 ni 524288. Hujumlishwa kuwa 524420, ikaandikwa AT+UBANDMASK=0,524420, kisha modemu ikawashwa upya kwa AT+CFUN=15. Hata hivyo, modemu hiyo hutumia LTE-M na NB-IoT tu. Mnara unaoipa simu ya mkononi 4G unaweza usitoe huduma hizo, hivyo mwenye mtandao aulizwe kabla ya kununua.

Mpakani, bendi hazisaidii. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote hutumia 900 na 1800 kwa GSM, na kifaa kilichofungwa Namanga au Mutukula kinaweza kuunasa mnara wa upande wa pili. Jibu la 0,5 huashiria kuwa laini iko ugenini, na gharama zaweza kupanda. Amri ya AT+COPS=1,2 ikifuatwa na namba ya mtandao hukilazimisha kifaa kubaki nyumbani: namba za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639, za Uganda 641. Amri hiyo iandikwe ndani ya programu ili irudiwe kila kifaa kinapowaka. Mnara wa nyumbani ukizimika, kifaa hakitahamia wa jirani; kitanyamaza hadi urudi.