Utungo na Uganga: Nguvu ya Neno katika Nchi ya Wagusii

Katika jamii nyingi za kale, mshairi na mganga walitegemea kitu kimoja, yaani neno lililopangwa kwa mizani na kutamkwa kwa wakati wake, na ndiyo maana sheria za Warumi za yapata mwaka 450 kabla ya Kristo zilimtia hatiani mtu aliyeimba utungo wa kumdhuru mwenzake. Pwani ya Waswahili nayo inaijua Kasida ya Burdai, iliyotungwa Misri katika karne ya 13 na al-Busiri, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa amepooza, akapona kwa baraka za utungo wake.

Kwa Wagusii wa Kisii na Nyamira nchini Kenya, nguvu hiyo ya neno huonekana wazi zaidi katika jando. Esimbore, wimbo wa wanaume wanaomsindikiza kijana aliyetahiriwa, una maneno ya unyumba ambayo siku nyingine hayatamkwi mbele ya wazazi, kwa kuwa kila mtu hufungwa na chinsoni, yaani kanuni za staha kati ya vizazi. Lakini njiani siku ile maneno hayo hayo ndiyo yanayomtoa mwana katika utoto na kumtangaza kuwa mwanamume. Huo si uchawi, kwani Wagusii humtofautisha kabisa omorogi, yaani mchawi, na omoragori, mpiga ramli anayetafuta chanzo cha maradhi.

Nguvu hiyo ilionekana vitani pia. Moraa, mwonaji wa Kigusii kutoka Kitutu, anakumbukwa kwa dawa na kwa maneno pia: masimulizi husema aliwaahidi wapiganaji kwamba risasi zingegeuka maji, akawaaibisha kwa woga wao, hata Januari 1908 mmoja wao, Otenyo, akamchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni. Waingereza walijibu kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuteka ng'ombe. Dawa haikuzuia risasi, ila maneno yalikwisha kuwainua watu waliokuwa wamekata tamaa, na hapo ndipo penye nguvu halisi ya utungo, ambayo humshika msikilizaji kabla ya kitu kingine chochote.

Waadventista walipofungua misheni Nyanchwa, Kisii, mwanzoni mwa miaka ya 1910, waliwakataza waumini ramli na ngoma za kale, wakawafundisha nyimbo za dini. Leo wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, na zipo familia za Kikristo zinazowapokea kwa nyimbo hizo za dini, ilhali kwa majirani zao esimbore ingali inaimbwa kwa sauti ile ile, kila Desemba.