Wastaafu wanapotoka pamoja: Bao, treni na daftari la michango

MTUMISHI wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza umri wa miaka 55, na akifikisha 60 hulazimika kuondoka, isipokuwa baadhi ya wataalamu, wakiwamo maprofesa na madaktari bingwa, ambao sheria iliwaongezea muda hadi 65. Siku ya kuagwa huwa na hotuba, keki, picha ya pamoja na bahasha. Jumatatu inayofuata hakuna basi la kuwahi wala daftari la mahudhurio la kusaini.

Yanayozungumzwa sana kuhusu kustaafu ni fedha. Ni haki yawe hivyo, kwani mjadala wa kikokotoo cha mafao ulitikisa nchi mwaka 2018, ukarejea mwaka 2022, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kupandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu ya mafao yake kabla ya mabadiliko hayo. Hata hivyo, lipo jingine analolipoteza mstaafu ambalo haliandikwi kwenye hati yoyote ya mfuko wa pensheni. Hupoteza watu. Kwa miaka 30 alikuwa na wa kumsalimu asubuhi, wa kunywa naye chai saa nne, na wa kubishana naye juu ya Simba na Yanga. Hao wote humtoka kwa siku moja.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na vikundi vya wastaafu, ambavyo katika miji kama Dar es Salaam, Morogoro na Tanga huanzishwa na waliokuwa wakifanya kazi pamoja: walimu, wauguzi, wafanyakazi wa reli, bandari, benki na viwanda vilivyokwisha fungwa. Vingine huundwa na majirani wa mtaa mmoja, au waumini wa parokia au msikiti mmoja. Vikundi si vichache vilivyozaliwa msibani. Watu hukutana makaburini baada ya miaka sita bila kuonana, huhesabiana waliobaki, na mmoja wao husema kwamba si vema kuonana tu pale wanapozikana. Wiki mbili baadaye hupatikana mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kundi la WhatsApp.

Kwamba upweke ni jambo la afya wala si la huzuni pekee, sasa linaelezwa waziwazi na wataalamu. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyotolewa Juni 30, 2025, ilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Miaka 15 kabla ya hapo, watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, wakabaini kuwa wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko waliojitenga au kutengwa. Haina maana kwamba kikombe cha kahawa na kipande cha kashata hutibu shinikizo la damu. Ina maana kwamba anayetarajiwa mahali fulani kesho asubuhi ana sababu ya kuamka, kuoga na kutembea, na kwamba asipofika atatafutwa.

Hilo la kutafutwa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wastaafu wengi mijini huishi na mjukuu au msaidizi wa nyumbani, watoto wakiwa kazini mikoani au nje ya nchi. Kijiweni, kiti kikikaa wazi siku mbili mfululizo, mtu hutumwa kubisha hodi.

Shughuli ya kila siku iliyo kongwe kuliko zote ni bao. Mchezo huo wa safu nne za mashimo manane, wenye kete 64, unahitaji hesabu, kumbukumbu na subira, na kwa bahati njema hauhitaji magoti mazima. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985 na kurejea Butiama, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao, sambamba na kilimo na kazi ya kuziandika sehemu za Biblia kwa mtindo wa tenzi. Alikuwa mstaafu aliyejua kuigawa siku yake. Pembeni ya bao huwapo drafti, karata na dhumuna, na magazeti ya siku hiyo ambayo nakala moja husomwa na watu wanane.

Lakini hapo ndipo panapoonekana kasoro ya vijiwe: ni vya wanaume. Mwanamke aliyestaafu uuguzi au ualimu mara nyingi hubadilishiwa ajira tu, kwani hukabidhiwa wajukuu, jiko na wagonjwa wa ukoo mzima. Vikundi vilivyotambua jambo hilo vilihamisha vikao kutoka jioni hadi saa nne asubuhi, wajukuu wakiwa shule, na kutoka kibarazani hadi ukumbi wa kata au wa kanisa. Mabadiliko madogo kama hayo huwaleta wanawake, nao huja na nidhamu waliyojifunza kwenye vikoba: mchango huandikwa, faini ya kuchelewa hulipwa, na kikao huisha kwa wakati.

Mara nyingi muuguzi mstaafu huja na mashine yake ya kupimia presha, na foleni hujipanga kabla ya ajenda ya kwanza. Aliyekuwa fundi umeme hueleza namna ya kusoma mita, na mwalimu wa hesabu huwaonyesha wenzake jinsi ya kuhamisha fedha kwa simu bila kumpa mjukuu namba ya siri. Ni mfumo ambao Ulaya uliundiwa taasisi: mwaka 1973 Profesa Pierre Vellas alianzisha mjini Toulouse, Ufaransa, kile kilichoitwa chuo kikuu cha umri wa tatu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waingereza mjini Cambridge wakaugeuza kwa kuwaondoa wahadhiri kabisa, wastaafu wakafundishana wenyewe kwa wenyewe bila mitihani wala vyeti.

Kuhusu mazoezi, mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawataka wenye umri wa miaka 65 na kuendelea kufanya mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na kuongeza mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili siku tatu au zaidi ili kuepuka kuanguka. Kutembea kwa kundi asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali, hukidhi sehemu kubwa ya agizo hilo bila gharama. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya bibi vizee mwaka 2007 na kuunda timu ya soka ya Vakhegula Vakhegula, jina lenye maana ya mabibi, na mwaka 2010 timu hiyo ikasafiri hadi Marekani kushiriki mashindano ya wachezaji wakongwe. Kwa wale ambao magoti yamegoma, dansi ya zilipendwa hutosha. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na ambayo ndiyo Msondo Ngoma, pamoja na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ziliimba wakati wastaafu wa leo wakiwa vijana wenye mshahara wa kwanza mfukoni. Ikipigwa rekodi ya zamani, fimbo za kutembelea huwekwa ukutani.

Safari ndiyo kilele cha mwaka wa kikundi, na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Bagamoyo huwa ya kwanza kutajwa. Mji huo uko umbali wa kilomita 70 hivi, barabara ni ya lami, na basi dogo la kukodi huweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kaole yapo magofu ya misikiti miwili ya mawe na makaburi ya kale. Upo pia mbuyu mkubwa ambao waongozaji huwaambia wageni kuwa anayeuzunguka huongezewa umri, na hakuna kundi la wastaafu linaloupita mti huo bila vicheko na bila mtu wa kuuzunguka mara mbili. Mjini kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na kituo kilichopokea misafara kutoka bara. Kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanza mwaka 1868, ndipo mwili wa David Livingstone ulipopumzishwa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Waliosoma historia hiyo darasa la sita huisikia upya wakiwa na miaka 67, na mara nyingi mwalimu mstaafu aliyemo kwenye msafara humsahihisha mwongozaji.

Safari mpya iliyoteka mioyo ni ya treni. Juni 14, 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Agosti 1 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi safari hadi Dodoma. Nauli za kawaida zilizotangazwa wakati huo zilikuwa Sh13,000 hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Kwa mzee, tofauti ya treni na basi haiko kwenye mwendo peke yake. Ndani ya treni kuna choo, kuna nafasi ya kusimama na kunyoosha miguu, na hakuna haja ya kumbembeleza dereva asimame porini. Wastaafu wa reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, huwa na la kuongeza katika kila stesheni. Kule Morogoro hununua matunda, hutazama milima ya Uluguru, hula chakula cha mchana, na hubishana kuhusu nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa mji huo aliyefariki dunia mwaka 1979.

Choo, kwa kweli, ndicho swali la kwanza ambalo kamati ya safari inapaswa kujibu, ingawa haya huwafanya wengi wasilitamke. Wenye kisukari na wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini hawawezi kukaa saa tatu bila kusimama, na wasipohakikishiwa hukataa safari kwa kisingizio cha wageni nyumbani, au huacha kumeza dawa asubuhi hiyo, jambo ambalo ni la hatari. La pili ni muda wa kula: chakula kilichopangwa saa saba kikiletwa saa tisa, aliyejichoma sindano ya insulini anaweza kuanguka. Maji, biskuti na ndizi mbivu ndani ya gari ni za lazima, sawa na orodha ya majina yenye namba za simu za ndugu.

Penye safari pana fedha, na hapo ndipo vikundi vingi hufia. Mchango mkubwa wa mara moja huwafukuza wenye pensheni ndogo, nao hawatasema kwamba wameshindwa. Wataacha tu kuja. Vikundi vilivyodumu hukusanya kidogo kidogo kila kikao kwa miezi minane au tisa, fedha hukaa benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu isiyofunguliwa na mtu mmoja, na daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote. Sehemu ya makusanyo hutengwa kwa ajili ya asiyeweza, bila jina lake kutajwa.

Daftari hilo hufanya na kazi nyingine isiyokusudiwa. Mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi ni windo la waendesha upatu, madalali wa viwanja hewa na wakopeshaji wa mikopo inayoitwa kausha damu, ambao huweza kubaki na kadi yake ya benki kila mwezi. Anayeamua peke yake huliwa kwa urahisi. Anayelileta wazo hilo mbele ya wenzake 20, wanne kati yao wakiwa wameshalizwa, hupata ushauri ambao hautolewi katika semina yoyote ya maandalizi ya kustaafu.

Ni sharti ikumbukwe pia kwamba neno "mstaafu" lenyewe ni la wachache. Mkulima, mvuvi, mama lishe na fundi baiskeli hawana tarehe ya kuagwa wala pensheni. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wote wenye miaka 70 na zaidi posho ya kila mwezi, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Vikundi vingi vya mijini bado humuuliza mtu aliajiriwa wapi kabla ya kumwandikisha, na mzee aliyewauzia wanachama hao kahawa kwa miaka 20 huendelea kusimama pembeni ya bao na birika lake.

Kwa wanaofikiria kuanza, kalenda ina maana yake. Januari ni mwezi wa ada na sare za wajukuu, mfungo wa Ramadhani haufai kwa safari za chakula, na masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara na viungo vya mwili. Inayobaki ni Juni hadi Oktoba, hali ya hewa ikiwa ya baridi kidogo, na vikundi kadhaa huchagua wiki ya Oktoba Mosi, Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Tiketi za treni za wiki hiyo ni vema zikatwe mapema, na viti viombwe katika behewa moja.