Kufundisha sanaa watoto wadogo: kazi gani hii, na inaanzwaje?

Vijana wanaojua kuchora katika makanisa yetu, toka Kirungu hadi Kalemie, huulizwa mara nyingi: "Kipaji hicho kitakulisha nini?" Wengine huishia kuandika mabango ya maduka na kupaka rangi mitumbwi. Ni kazi njema. Lakini iko nyingine ambayo bado hatujaifikiria vya kutosha: kufundisha sanaa watoto wa miaka 3 hadi 6.

Katika Kutoka 35 tunasoma habari za Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Tunakumbuka kwamba Mungu alimpa ustadi wa dhahabu, fedha na shaba. Mstari wa 34 unaongeza jambo tunalolisahau: yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Hizo ni karama mbili. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza, akakosa ya pili.

Tofauti hiyo huonekana darasani. Mtoto wa miaka 3 au 4 akimchora mama yake, mara nyingi huchora duara, macho, na miguu miwili inayotoka kichwani. Hajakosea, ndivyo watoto wa umri huo wanavyoanza. Mwalimu asiyejua hili humnyang'anya mkaa na kumsahihisha, au huchora samaki ubaoni na kuamuru wote wanakili. Mtoto anajifunza jambo moja tu: mkono wake haufai. Mwalimu anayejua huketi karibu naye na kusema, "Nielezee." Mtoto anasimulia, anapata maneno, na vidole vyake vinazoea kazi vitakayoifanya darasa la kwanza.

Kwetu Tanganyika jambo hili lina uzito zaidi. Machafuko kati ya Watwa na Wabantu, hasa mwaka 2016 na 2017, yalifukuza familia nyingi vijijini. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuharibu nyumba za kandokando. Mtoto aliyepoteza nyumba huenda asiweze kuyasema, lakini pengine atayachora. Mwalimu asimlazimishe kueleza, wala asionyeshe picha hiyo mbele ya kusanyiko. Akiona mtoto anaendelea kuogopa au kunyamaza, aongee na wazazi, na mhudumu wa afya akiwapo.

Nchi yetu ina mfano wa kufundisha bila kuvunja mkono wa mwanafunzi. Mwaka 1946, mjini Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar. Hakuwataka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwaambia watazame maisha na viumbe vilivyowazunguka. Pilipili Mulongoy akawa mchoraji wa ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi, na Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Hao walikuwa watu wazima, lakini kanuni ile yawafaa watoto pia.

Njia ya ualimu ni hii: baada ya shule ya msingi na darasa la 7 na la 8, kijana husoma humanite za pedagojia miaka 4, akifanya mazoezi ya kufundisha, kisha hufanya mtihani wa Serikali. Shule kubwa za sanaa ziko mbali, Kinshasa na Lubumbashi, lakini si lazima kuanzia huko. Aanze na watoto 10 wa shule ya Jumapili kwa mwaka mmoja. Hapo atajua kama ana uvumilivu.

Vifaa viko: udongo wa kufinyanga, mkaa, kartoni, mchanga wa ziwa. Udongo mwekundu uliochujwa, ukichanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, hutoa rangi nzuri. Tusiwape watoto rangi ya kupaka mitumbwi wala vitu vya ndani ya betri, vina sumu.

Kuhusu mshahara tuseme kweli. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Shule nyingi za maternele bado zinategemea wazazi na makanisa. Kwa hiyo mwalimu huyu hupata kidogo, tena kwa kuchelewa. Ndiyo sababu tunayaomba makusanyiko yatoe chumba, mkeka, na sehemu ya sadaka kila mwezi kwa ajili yake. Tukishafanya hivyo, tutakuwa na haki ya kumwuliza kijana kama kipaji chake kinalisha.