Bei Iliyotangazwa na Bei Inayopokelewa: Istilahi za Sera ya Maziwa kwa Wafugaji wa Rusizi

Makala haya yanafafanua dhana tatu za sera ya maziwa nchini Rwanda ambazo katika Kiswahili hazijatenganishwa ipasavyo: bei ya zizini, bei ya kituoni na ruzuku. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, wilayani Rusizi, hasa Kamembe, kilikuwa lugha ya soko kabla ya hapo, kwa kuwa ng'ambo ya mto ndiko Bukavu iliko.

Tuanze na bei. Agizo la wizara la mwaka 2016 kuhusu ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa linakipa nafasi ya pekee kituo cha kukusanyia, ambako maziwa hupimwa ubora na kupozwa kabla ya kupelekwa kiwandani. Kwa hiyo, Wizara ya Biashara na Viwanda ilipopandisha bei ya lita hadi faranga 400, kiwango hicho kilihusu maziwa yaliyokwisha kufika kituoni. Tuchukue mfano wa mfugaji wa mlimani mwenye lita 8, anayemlipa mchukuzi faranga 30 kwa lita. Alisikia redioni hesabu ya faranga 3,200. Mkononi anapokea 2,960. Hesabu haina kosa. Kasoro imo katika neno "bei" lililoachwa peke yake.

Aidha, asili ya bei hutofautiana. Nchini Kenya, shilingi 50 kwa lita zilizoanza kulipwa na New KCC mwezi Machi 2024 ni bei ya mnunuzi mmoja wa umma. Ya Rwanda ni kiwango kinachowekewa soko zima. Kuziita zote "bei ya serikali" ni kumpotosha msomaji.

Dhana ya tatu ni ruzuku. Kupitia mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, familia maskini hupewa ng'ombe, nayo hutoa mtamba wa kwanza kwa jirani. Wanyarwanda huita tendo hilo kwitura, yaani kulipa fadhila. Neno "ruzuku" halibebi wajibu huo. Msemo wa Tanzania, "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", unaukaribia zaidi. Tena Girinka humpatia mtu ng'ombe, haimhakikishii bei. Anayechanganya mambo hayo mawili hudhani mfugaji amekwisha kusaidiwa, ilhali gharama za majani, dawa na uchukuzi zingali mabegani mwake.

Tunapendekeza kwamba kila tangazo la Kiswahili litaje mahali bei inapolipwa, nani anagharimia uchukuzi, na nini hutokea maziwa yakikataliwa. Mfugaji akiyaelewa hayo kabla ya kukamua, ataweza kuamua ampe nani maziwa yake, na kudai haki yake kwa maneno yaleyale yaliyomo katika sera.