Chombo Kinachokataa Kubeba



Tunataka kueleza ginsi telefone zinaweza kusemezana pasipo mnara. Kwa desturi telefone inatuma neno kwa mnara, na mnara unalipeleka mbele. Mnara usipokuwako, vyombo vyenyewe vinapokezana kwa redio: A anampa B, B anampa C, mpaka neno lifike kwa D aliye mbali. Hakuna mkubwa wa kuamuru. Shida njo hii: kila neno B analopitisha linakula betri yake, na neno lile si lake. Basi anaona heri kutuma ya kwake na kutupa ya wengine. Wote wakifanya vile, mtandao umekufa.

Mwaka 2000 watafiti wanne wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani (Marti, Giuli, Lai na Baker) walileta dawa. A akiisha kumpa B neno, anatega sikio. B akilipitisha, A naye atalisikia hewani. Asiposikia kitu mara nyingi, anamwandika B, na maneno yanapitia njia ingine. Walijaribu kwa hesabu ya komputa: hata vyombo 40 kwa 100 vikitupa maneno ya wengine, habari zilizofika ziliongezeka kwa 17 kwa 100.

Ni vizuri. Lakini sisi tunaoshika liste ya salongo tuliona mara moja kilichobaki. B ameondolewa kazi, na neno lake mwenyewe lingali linabebwa! Ni kama mtu anakataa kuchota maji, tunamfuta kwa liste, kisha anakula sawa na wote. Ile si azabu, ni konje.

Kwa hiyo mwaka 2002 Buchegger na Le Boudec walitoa mpango wa CONFIDANT: vyombo vinaambiana nani anakataa, na neno la yule halibebwi tena. Hapo masingizio yako karibu, maana mawimbi yakigongana A hasikii, kumbe B alifanya kazi.

Kule Lausanne, Uswisi, Buttyán na Hubaux walipendelea malipo. Kila chombo kiko na hesabu ndani, imefungwa, mwenyewe hawezi kuigusa. Ukibeba neno la mwingine, unaongezewa moja. Ukituma lako, unakatwa kadiri ya vyombo vitakavyolibeba. Sisi tunapenda hii zaidi, kwani haiombi mshitaki. Ila chombo kilicho pembeni kabisa, kule maneno hayapiti, hakipati cha kubeba. Kitabaki maskini, na si kwa uvivu.