Kasiba, Baruti na Umbali: Bunduki za Wawindaji wa Unyamwezi

Usahihi wa bunduki ya kuwindia, yaani uwezo wake wa kuipeleka risasi pale ilipolengwa, hutegemea kasiba kuliko kiungo kingine chochote. Lakini mwindaji wa tembo wa Unyamwezi katika karne ya 19, alipopima kama aitunze bunduki aliyokuwa nayo au aibadilishe, alilazimika kupima pia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji.

Silaha yake ya kawaida ilikuwa gobore, bunduki inayojazwa kupitia mdomoni kwa kushindiliwa na mdeki, ambao ni ufito mrefu wa kusukumia baruti na risasi hadi chini. Gobore lililowashwa kwa cheche za jiwe liliitwa gumegume, na mengine yaliwashwa kwa fataki, kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka inapogongwa. Kasiba ya silaha hizi ilikuwa laini kwa ndani, na kwa kuwa baruti nyeusi huacha masizi mazito kila inapoungua, risasi ya mviringo ilibidi iwe ndogo kuliko tundu ili iweze kupita. Katika bunduki ya askari wa Uingereza iitwayo Brown Bess, kwa mfano, kasiba ilikuwa na kipenyo cha milimita 19 hivi, na risasi yake ilikaribia milimita 17.5. Pengo hilo lilitosha kuifanya risasi igongegonge kuta za kasiba na kutoka ikielekea upande wowote ulioamuliwa na mgongano wa mwisho, hata macho makali na mkono mtulivu visiweze kulisahihisha kosa hilo.

Dawa yake ilijulikana Ulaya zamani: kuchonga ndani ya kasiba michirizi inayojipinda, ambayo huizungusha risasi kama pia, na mzunguko huo huizuia isiyumbe hewani. Ugumu ulikuwa kuishindilia haraka risasi inayobana michirizi, na ugumu huo ulipungua mwaka 1849 kwa risasi ya Minié, iliyokuwa na shimo kitakoni na kutanuka baruti ilipolipuka. Baadaye zikaja bunduki zinazojazwa nyuma, ikiwemo Martini-Henry ya mwaka 1871, na majeshi yalipozipokea, silaha kuukuu zilitafutiwa soko, zikamiminika Unguja na kuingia bara.

Mwindaji asiye na bunduki ya michirizi hakukosa la kufanya. Kipimo cha baruti kisichobadilika, risasi iliyofungwa kitambaa ili kuziba pengo, na kasiba iliyosafishwa mara kwa mara, vyote hupunguza mtawanyiko. Lakini hakuna kati ya hivyo kilicholingana na kumkaribia mnyama. Katika misitu ya miombo, ambamo miti huyafunga macho kabla mbali hapajaonekana, ujuzi wa upepo na nyayo, uliolindwa na vyama vya wawindaji wa tembo vya Wanyamwezi, ulikuwa sehemu halisi ya usahihi, na inafaa uhesabiwe hivyo pasipo kusita.

Kubadilisha silaha kulileta swali zito zaidi. Bunduki inayojazwa nyuma hula viasi, yaani risasi, baruti na fataki zilizofungwa pamoja kiwandani, na viasi vikiisha, ubora wa kasiba hauna kazi. Viasi hivyo vilitoka pwani, na safari ilichukua miezi: wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba. Tena njia yenyewe iliweza kukatika: mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa. Gobore nalo lilihitaji baruti ya pwani, ila lilikubali kipimo chochote kilichopatikana na hata vipande vya chuma badala ya risasi, kwa hiyo kulichagua kulikuwa uamuzi wa busara.

Uhuru wa kuchagua ulipunguzwa na Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliozuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, huku gumegume lenye kasiba laini likiachiwa mlango chini ya masharti. Mpaka wa sheria ulipita kwenye michirizi yenyewe. Wenye majeshi walijibakizia usahihi wa mbali, na mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 ngome yake ilipotekwa na Wajerumani, alikabiliana na askari waliokuwa na bunduki ambazo mkataba huo uliwanyima watu wake.